Kinga ya Kwandu

Sapiwi, alasiri

Mwanangu Nkwimba,

Mimi sijambo, na hali yako siiulizi, kwa sababu asubuhi nimekusikia ukiimba ukiwa unaoga, na mtu mgonjwa haimbi wimbo mpaka mwisho. Sasa umekwenda Dutwa kumuaga shangazi yako na nyumba imebaki kimya. Nimekaa barazani. Jua limeanza kulegea, kuku wanajikung'uta vumbini, na baba yako yuko zizini anapiga mluzi ule wake usio na wimbo. Kesho basi litakuchukua Bariadi, nami nitakuwa pale stendi nikisema maneno ya stendi: shika begi lako, usilale karibu na dirisha, ukifika piga simu. Maneno hayo yana mahali pake. Hapa sitayaandika.

Nataka kukueleza habari za Bibi Kwandu. Umekua ukimwita bibi, ukalala kitandani kwake mpaka ulipoanza shule, na hukuwahi kuuliza alifikaje kwetu, wakati hakuwa mama wa baba yako wala mama yangu. Watoto hawaulizi mambo waliyoyakuta. Nami sikusema, kwanza kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda, kisha kwa sababu miaka ilipita. Lakini juzi, tukichambua choroko, ulinisomea orodha ya masomo ya huko chuoni, ukafika kwenye vimeng'enya vya bakteria na jinsi vinavyoshinda ulinzi wa mimea, ukacheka ukaniuliza kama mambo hayo yatakuwa magumu. Nikakujibu sijui. Si kweli kwamba sikujua. Jibu langu lilikuwa refu, na choroko zilikuwa zinaisha.

Nilipokuwa na umri kama wako nilikuwa chuo cha kilimo, nikisomea cheti cha ubibi shamba. Aliyetufundisha magonjwa ya mimea alikuwa mama mmoja mwembamba mwenye sauti ndogo, kiasi kwamba mvua ikinyesha juu ya bati la maabara tulilazimika kumsogelea. Siku moja ya mvua alichukua jani la pamba lenye madoa akaliinua kuelekea dirishani. Madoa yale yalipitisha mwanga, kama karatasi iliyoangukiwa na mafuta, na kila doa lilikuwa na pembe, kwa sababu mishipa ya jani ilikuwa imelizuia lisitambae. Akakata kipande cha ukingo wa doa, akakiweka kwenye tone la maji, akatuita kwenye hadubini mmoja mmoja.

Nilipoinamisha jicho niliona moshi. Ulitoka pale palipokatwa, polepole, ukijikunja na kujikunjua, kama moshi wa jiko la mtu anayepika mbali asubuhi ya baridi. Nilisahau kwamba kuna wenzangu wanasubiri. Mwalimu akaniambia kwa nyuma kwamba ule si moshi, ni bakteria, na kwamba ni wengi kuliko watu wote niliowahi kuwaona maishani.

Alitueleza kwamba jani halijalala kama tunavyodhani. Kila seli yake ina ukuta wa nyuzi zilizofumwa, na katikati ya nyuzi kuna gundi inayoitwa pektini. Ni kama nyumba za kwetu za miti na udongo: miti ndiyo inayosimama, lakini udongo ndio unaoishikanisha. Mgeni akibebwa na tone la mvua akaingia kupitia vitundu ambavyo jani linapumulia, seli zinamhisi. Zinanenepesha ukuta. Zinatoa maji makali, haidrojeni peroksaidi, dawa ile ile tunayooshea vidonda. Na zile zilizo karibu naye zinaweza kukubali kufa, ili abaki amezungukwa na wafu, asipate cha kula. Kwenye pamba iliyozaliwa na nguvu hiyo, vita vyote huishia kwenye kidoa kikavu kidogo, utadhani kovu la tetekuwanga.

Lakini bakteria naye haji mikono mitupu. Hana jino, hana ukucha. Ana vimeng'enya. Anavitoa nje ya mwili wake navyo vinafanya kazi bila kelele: kimoja kinalegeza gundi, kingine kinakata nyuzi, na vipande vya ukuta vinavyodondoka vinakuwa chakula chake. Tukamuuliza, na yale maji makali je? Mwalimu akapaka bakteria juu ya kipande cha kioo, akadondoshea ile dawa ya vidonda. Likatoka povu. Povu jeupe, laini, likichemka bila moto wowote. Akasema kimeng'enya kimoja tu kimegeuza maji makali kuwa maji ya kunywa na hewa.

Nilirudi bwenini nikiwa kama naota. Usiku ule na mwingine mwingi niliota niko ndani ya jani, kuta za kijani kibichi pande zote, mwanga unapita, na mahali fulani mbali kuna mtu anayelainisha udongo wa ukuta kwa viganja vyake, taratibu, bila hasira. Sikuwahi kuiona sura yake. Nakuambia haya ili ujue kwamba mama yako naye aliwahi kupenda jambo mpaka akaliota. Ukilipata lako huko uendako, usilionee aibu.

Nilipangiwa kazi huku, nikaolewa na baba yako, tukajenga hapa. Wakati huo pamba yote ilinunuliwa na chama cha msingi cha ushirika, na mbegu zote zilitoka humo. Malipo yalichelewa mno, watu wakalalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini mbegu ilikuwa ya aina moja, iliyochaguliwa kwa miaka mingi kwa sababu iliweza kupambana na ugonjwa ule wa madoa. Wengi hawakujua hilo. Kwao mbegu ilikuwa mbegu tu, kama chumvi.

Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi waliingia na malori na mizani zao, kila mmoja akiita wateja kwa redio kubwa, na mkulima akaondoka na pesa yake mkononi siku hiyo hiyo. Usimsikilize mtu anayekuambia watu walidanganywa. Walifurahi, na mimi nilifurahi. Bati lililo juu ya kichwa changu sasa hivi lilinunuliwa msimu ule. Watu walinunua baiskeli, wakaoa, wakasomesha. Lakini pamba ya huku na ya kule ilikutana kwenye malori, ikachambuliwa pamoja viwandani, na mbegu ilirudi kwetu ikiwa imechanganyika. Nilizishika mwenyewe kwenye ghala. Nyingine zilikuwa na manyoya meupe, nyingine ya kijivu, nyingine nyeusi zina upara. Wakubwa wangu wa kazi walikuwa wamepunguzwa, ofisi imefungwa, na mimi nimeachiwa vijiji ambavyo baiskeli yangu haikuweza kuvifikia. Nikajiambia lazima kuna mtu huko juu amezikagua. Nadhani huko juu nako kulikuwa na mtu anajiambia kuna mtu huku chini.

Wewe ulizaliwa kabla ya mvua za msimu uliofuata. Mvua zilikuwa nzuri, hilo ndilo linaloniuma nikikumbuka. Zilikuja jioni jioni, nene, zikiimba juu ya bati jipya, nami nakunyonyesha nikisinzia. Mvua ile ile iliyokuwa inanibembeleza ilikuwa inawabeba bakteria kutoka jani hadi jani. Pamba ilipofika magotini nilianza kuona madoa yenye pembe. Kisha matawi yakawa meusi kama mikono iliyoungua, kisha vitumba vikaoza kabla ya kupasuka. Watu wa kwetu waliuita weusi tu. Shamba la Masanja, ndugu wa baba yako upande wa baba zao, lilikuwa kubwa kuliko yote, mbuga tupu iliyolimwa kwa plau za ng'ombe, na ndilo lililoungua vibaya zaidi.

Katikati ya mashamba ya Masanja kulikuwa na kishamba cha Kwandu. Alikuwa mjane asiye na mtoto aliye hai, macho yake mekundu kwa moshi wa kuni za miaka yote. Kishamba chake hakikuguswa. Ungesimama juu ya kilima cha shule ukatazama chini, ungeona weusi pande zote, na katikati kitambaa kidogo cha kijani, kama mtu amekitandika hapo apumzike. Kilipendeza. Nilisimama nikakitazama nikasema moyoni, hiyo ndiyo pamba yenye nguvu. Sikufikiri kwamba wengine walisimama hapo hapo wakaona jambo lingine.

Unajua vikongwe wenye macho mekundu, walioitwa wachawi, walivyofanyiwa katika nchi yetu hii. Sina haja ya kuyaandika.

Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakaitisha dagashida, baraza la kijiji zima, kwenye uwanja wa shule. Wazee walikaa mbele, wanaume na pinde zao wamesimama pembeni, sisi wanawake chini kwenye majani. Kwandu aliketishwa peke yake. Masanja alisema bila kupiga kelele, na hakuwa mtu mbaya, Nkwimba, nataka uelewe hilo. Alikuwa mtu aliyepoteza kila kitu alichopanda. Alisema mvua ilikuwa moja, udongo ulikuwa mmoja, na mipaka ya mashamba ni hatua ya mguu. Halafu akauliza weusi ulijuaje mahali pa kugeukia.

Nikaomba kusema. Nilikuwa nimekubeba mgongoni. Niliyaongea yote niliyofundishwa: bakteria, vitundu vya jani, vimeng'enya, ukuta unaoyeyuka. Niliyaongea kwa Kiswahili cha semina, mimi niliyezaliwa Dutwa na kunyonya Kisukuma, kwa sababu maneno hayo niliyapokea kwa Kiswahili na nilidhani ndivyo yanavyokuwa na uzito. Walinisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza, Masanja akaniuliza.

"Shemeji, hao wadudu wako wasioonekana, kwa nini walimruka Kwandu?"

Lilikuwa swali zuri. Mwalimu wangu wa chuo angelifurahia. Nami nilifurahi kuwa na jibu, nikalitoa haraka.

"Kwa sababu pamba yake ina kinga."

Nilisikia baraza lote likivuta pumzi. Ilinichukua muda kuelewa nimesema nini. Vitabuni kinga ni nguvu ya mwili kupambana na ugonjwa. Kijijini kwetu kinga ni ile inayochanjwa na mganga, inayofukiwa kwenye pembe za shamba ili madhara yaende kwa jirani. Mzee mmoja aligeuka akamwambia mwenzake kwamba bibi shamba mwenyewe, mtu wa serikali, amethibitisha. Nilianza kueleza upya, sasa kwa Kisukuma, lakini watu walikuwa wanasimama, na wewe ukaanza kulia.

Walimuuliza Kwandu ana la kusema. Alisema, "Mwaka juzi nilikuwa naumwa." Watu wakaona amechanganyikiwa.

Uamuzi ulikuwa atengwe, na kabla ya mavuno ahame. Kutengwa ni hivi: hupewi moto, hupewi chumvi, husalimiwi, na anayekusalimia analipa faini ya ng'ombe. Lakini wote tuliokuwa pale tulijua kwamba mzee aliyetengwa, anayelala peke yake kwenye nyumba ya nyasi, ni mtu ambaye mlango wake umeshafunguliwa kwa yeyote.

Nilirudi nyumbani nikalala kifudifudi. Baba yako hakunilaumu, na hakunifariji. Alikaa kwenye kigoda akakubeba mpaka ukalala. Nilijua anawaza nini: Masanja ni damu yake, ng'ombe zao zilichungwa pamoja. Alfajiri akachukua baiskeli akaondoka. Kulipopambazuka vizuri, wakati watu wamejaa kwenye maduka, nilimwona anarudi kwa njia ya katikati ya senta, anaisukuma baiskeli polepole, Kwandu amekaa kwenye keria, chungu mapajani, mkeka umefungwa juu. Angeweza kupita njia ya korongoni. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakupita huko, alisema hakutaka mtu yeyote aje kusema hakujua Kwandu yuko kwa nani.

Mwanangu, baba yako ni mtu wa maneno machache na utakutana na vijana wanaosema vizuri kuliko yeye. Siku hiyo nilimwona alivyo, na sijamwona tofauti tena.

Tukawa tumetengwa na sisi. Nikifika kisimani wanawake wanajitwisha ndoo zao, hata zilizojaa nusu. Hakuna aliyeniita shambani kwake. Baba yako alihamishia kitanda karibu na mlango. Kwandu alikaa jikoni akaongea kidogo, na kitu alichokitaka kwetu kilikuwa kimoja tu: wewe. Alikuchukua kutoka mgongoni kwangu siku ya kwanza na tangu hapo nilikupata kwa kunyonyesha tu. Alikuimbia nyimbo za kulima ambazo mimi sikuzijua, za zamani, akizipunguza kasi mpaka zikawa za kulalia.

Siku moja nilimuuliza alimaanisha nini pale kwenye dagashida. Akasema kama nilivyosikia, mwaka juzi aliumwa. Alipewa mbegu na chama kama wengine wote, lakini homa ilimlaza, msimu ukapita, mbegu zikabaki kwenye chungu chini ya kitanda. Wenzake walipochukua mbegu za malori, yeye alimimina zake za chunguni akapanda. Basi. Jibu lote la swali la Masanja lilikuwa ndani ya maneno yale ya Kwandu, na mimi niliyesoma nilikuwa nimeyapita mbio nikitafuta maneno yangu. Laiti ningemgeukia pale pale nikamuuliza alikuwa anaumwa nini, na akapanda nini. Ningemwachia mdomo wake mwenyewe ajibu. Watu wale walizijua mbegu za chama. Walikuwa wamezipanda kwa mikono yao.

Mavuno yalipofika baba yako alikwenda kukichuma kile kishamba, peke yake, watu wakimtazama kutoka barabarani. Pamba hiyo hatukuiuza. Kiangazi chote tulikaa hapa barazani tukitoa mbegu kwa vidole, mimi na Kwandu, na nyuzi zikiruka zinakutua kichwani, nawe unajaribu kuzishika zinakwepa. Nikifumba macho bado naiona: mwanga wa alasiri, hewa imejaa pamba, kila kitu kinaelea kidogo, hata hofu. Tungeweza kuwa mahali pengine popote, watu wengine kabisa.

Nilikuwa na mpango wa kuzipanda zote kwetu. Kwandu akakataa.

"Mpe Masanja," alisema. "Akipanda yeye, kinga itakuwa yake."

Niliona haiwezekani. Masanja hakuweza kupokea kitu kutoka nyumbani kwetu, hata maji. Lakini mke wake, Holo, alikuja siku moja akijifanya anatafuta ndama. Alisimama nje ya ua bila kusalimia, maana kusalimia kulikuwa na faini, akasema kwa sauti kana kwamba anaongea na ndama kwamba wanawe hawatamaliza shule kama pamba itaungua tena. Kwandu akatoka jikoni akaweka kifurushi juu ya boma la miiba, akarudi ndani. Holo akakifunga kwenye kanga yake akaenda. Hakuna aliyesema na mwenzake. Hakuna ng'ombe aliyelipwa.

Alizipanda kwenye kona ya shamba kubwa, upande wa mfereji, bila kumwambia mume wake. Mvua zikaja tena. Weusi ukaja nazo, maana mabaki ya msimu uliopita yalikuwa bado mashambani na mbegu za malori zilikuwa zile zile. Mimi sikwenda kuangalia. Niliogopa, ukitaka ukweli. Mbegu haitoi ahadi kwa mtu.

Masanja alikuja mwenyewe. Ilikuwa saa za kutoa ng'ombe. Alisimama mlangoni mwa ua, kofia mkononi, akakataa kigoda. Kwandu alikuwa amekaa chini anakulisha uji.

"Mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, "shambani kwangu kuna kona ya kijani. Nimekuja kusema sijamroga mtu."

Kwandu akaendelea kukulisha mpaka uji ukaisha. Kisha akamjibu, "Najua, baba. Keti."

Akaketi. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, na sikulia kwa huzuni.

Holo alikuwa amemwambia mumewe mbegu zimetoka wapi. Kwenye dagashida iliyofuata ni Masanja aliyesema, mimi sikufungua mdomo. Hakutaja bakteria. Alileta mimea miwili, mweusi na wa kijani, imetoka shamba moja na mvua moja, akasema huu ni wa lori na huu ni wa chama, wa chungu cha mayu Kwandu aliyekuwa anaumwa. Wazee waliipokea, wakaipitisha mkono kwa mkono. Kisha mmoja akauliza kama mbegu hizo bado zipo. Hapo ndipo waliponigeukia, na nilieleza kwa Kisukuma habari ya kung'oa masalia yote na kuyachoma, kubadilisha shamba na mahindi au choroko, na kutoacha mbegu zichanganyike. Kuhusu vimeng'enya nilisema tu kwamba mdudu huyu halivunji jani, analilainisha kutoka ndani. Mzee mmoja alitikisa kichwa akasema amewaona watu wa namna hiyo.

Sitakudanganya kwamba tulishinda. Misimu michache tuliitunza mbegu ile, kisha malori yakaichanganya na kila kitu, na nguvu yake ikapotea kidogo kidogo, kama rangi ya nguo inavyopotea bila siku maalumu. Weusi bado unarudi mwaka wa mvua nyingi, utaukuta bado unakungoja. Lakini tangu siku ile hapa kwetu hakuna mtu aliyepelekwa barazani kwa sababu ya shamba lake kustawi. Nikijiuliza nilifanya nini katika kazi yangu ya miaka yote, nalishika hilo, ingawa najua si mimi niliyelifanya.

Baraza lilipomruhusu Kwandu kurudi kwake, Masanja alileta mkokoteni wa ng'ombe kumchukua. Alikuwa ameezeka upya nyumba ya Kwandu kwa nyasi mpya na kumjengea jiko. Wewe ulikuwa umelala mgongoni kwa Kwandu, mdomo wazi, mate yamelowesha kanga. Alizunguka ule mkokoteni, akausifu, akawapapasa ng'ombe. Kisha akamuuliza Masanja, kama anauliza bei ya kitu, nani atakuwa anamwimbia huyu mtoto. Masanja akanitazama mimi. Mimi nikamtazama baba yako. Baba yako akaanza kushusha chungu.

Hivyo ndivyo alivyobaki. Ulipokuwa darasa la tatu alitutoka, na siku ya mazishi, unakumbuka, uliuliza kwa nini Masanja analia kuliko baba.

Nenda, mwanangu. Jifunze haya mambo vizuri kuliko nilivyojifunza mimi. Wakikuonyesha huko jinsi pamba ile ilivyoweza kusimama wakati nyingine zote zimelala, ni nini hasa kilichokuwa ndani ya ukuta wake ambacho bakteria hakuweza kukilainisha, niandikie. Andika pole pole, kwa maneno ya nyumbani. Nitakwenda nayo kaburini kwa Kwandu nimsomee kwa Kisukuma. Amelala pale hajui kwamba kinga ile ya pamba yake ilikuwa na jina.

Mama yako